Nafasi ni ya Mmoja

Barking, London
6 Oktoba 2024

Mama mkubwa Mghoi,

Nakuamkia. Barua hii nimeianza kwenye basi nikienda kazini na ninaimalizia kwenye meza ya jikoni, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda ujue ni barabara, si mimi. Habari za Mgange? Mvua imeanza, au bado mnaangalia mawingu tu? Na goti la kushoto linasemaje? Nimerudi kwenye barua kwa sababu masikio yako hayataki tena simu, na kila ninachokuandikia kwa simu Lawrence anakisoma kwa sauti pale dukani kwake, mpaka wateja wanajua nimekula nini. Mjukuu wako huyo hana siri. Hii ya leo ni yako peke yako.

Sisi wazima. Kazi ya kutunza wazee inaendelea. Yule wa miaka tisini na moja ninayemwogesha asubuhi amekataa kuitwa mgonjwa, anasema yeye ni mstaafu. Jedidah amerefuka, viatu vya Juni havimwingii.

Sasa jambo lenyewe. Mama mkubwa, huyu mtoto ataniua kwa presha.

Unajua alipofika Februari aliwekwa katika darasa la wageni. Liko nyuma ya shule, makontena mawili yameunganishwa yakatobolewa madirisha. Shule inaliita Kituo cha Kukaribisha, watoto wanaliita kontena. Wamo tisa, wote kutoka nchi za nje. Wana lango lao upande wa mapipa ya taka, wanakula nusu saa kabla ya wenzao, na wanasoma Kiingereza, hesabu kidogo na kuchora. Kemia hakuna. Baiolojia hakuna. Na mtihani mkubwa wa nchi hii uko mwaka 2026, asiyesoma hayo sasa hataufanya. Si mambo ya rangi, nisikudanganye, huko jengo kubwa wako watoto weusi kuliko mimi. Ni mambo ya nani amefika juzi.

Basi Jumatatu Jedidah alipita lango kubwa, akapanda ngazi, akaingia darasa la kemia la rika lake, akakaa. Mwalimu akamuuliza, "Wewe ni nani?" Akajibu, "Mwanafunzi wa hapa." Akatolewa. Jumanne akarudi. Jumatano akarudi. Alhamisi shule ikanipigia simu nimemshika mzee bafuni, sabuni mpaka kwenye viwiko.

Jioni nikamuuliza, "Wewe unataka tufukuzwe nchi hii?"

"Mama, hakuna mtu hufukuzwa nchi kwa kusoma kemia."

Umeona majibu hayo? Tafadhali mwandikie umkanye. Wewe ndiye unayeyajua haya. Ukoo mzima unajua ulikuwa msichana Mwafrika wa kwanza katika ile shule ya Wazungu Nairobi, mwaka wa sitini na mbili, na hukuingia kwa vurugu, uliingia kwa heshima na heshima ikakufungulia. Hujawahi kutusimulia ulivyovumilia. Msimulie yeye basi. Labda ataiga.

Mwanao anayehangaika,
Mkamburi


Mgange
4 Novemba 2024

Mkamburi,

Barua yako imechukua siku ishirini na sita. Nimeisoma dirishani, peke yangu, kama ulivyotaka, na Lawrence amenuna. Goti linasema yaleyale. Mvua imekuja na kuondoka na matuta mawili ya shamba la chini. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja hakuishi. Viazi ni vizuri.

Ya Nairobi sina la kuandika. Niliingia, nikasoma, nikatoka. Inatosha.

Kumkanya mtoto, sitamkanya kabla sijalijua kosa. Nilifundisha miaka thelathini na moja. Nimewachapa waliotoroka darasa. Aliyetoroka kwenda darasani sikuwahi kumpata, hata adhabu yake siijui.

Nijibu mambo mawili. La kwanza: Jedidah amesoma kwa Kiingereza hapa Mgange tangu akiwa mdogo, insha zake nilizisahihisha kwa mkono wangu. Nani aliwaambia watu hao kwamba hajui Kiingereza? La pili: umeandika kwamba wamo tisa. Katika barua yako nimemwona mmoja. Hao wanane hawana majina?

Mghoi


Barking
1 Desemba 2024

Mama mkubwa,

Nakuamkia tena, na pole kwa kapacha kalikokufa. Huku baridi imeshika, nguo hazikauki, tunazianika juu ya milango. Kanisani wameniweka kwenye kwaya kwa sababu mwenye sauti ya tatu amehamia Kilburn. Usicheke, najua unacheka.

Umeniuliza nani aliwaambia. Ni mimi.

Siku tulipoenda kumwandikisha tulipokewa na mama mmoja mpole sana. Akatupa viti, akatuletea chai. Halafu akashika fomu akauliza, mtoto atahitaji msaada wa lugha? Sasa niambie wewe. Mtu amekukalisha, amekunywesha chai, anakuuliza kama anaweza kukusaidia, utamwambia hapana? Nikasema ndiyo, asante. Na msaada wa kusoma? Ndiyo, asante. Wa kuandika? Asante sana. Nikakubali kila kitu, kama mtu anayeongezewa ugali kwa watu na anaona haya kuziba sahani.

Na Jedidah nilikuwa nimeshamharibu njiani. Nilimwambia mbele ya mwalimu mgeni usiwe na maneno mengi, na usimkazie macho. Alipoitwa kupimwa Kiingereza akatazama viatu vyake na kujibu ndiyo madam, hapana madam. Wakaandika: Kiingereza kidogo sana. Mama mkubwa, adabu niliyomfundisha ndiyo iliyomfungia nje. Nimerudi kuwaomba wampime upya. Wanasema foleni ni ndefu, na kwamba pale alipo yuko salama.

Majina. Yuko Armelle, wa Bukavu, ana miaka kumi na mitano na amekaa kontena miaka miwili. Mama yake ni Anne-Marie, tunasali pamoja. Yuko Sandeep, ambaye Jedidah anasema humsahihisha mwalimu wa hesabu kwa upole ili asiaibike. Wale sita siwajui. Nimeona aibu kuandika hivyo. Nitauliza.

Sasa sikiliza alivyobadilisha mbinu. Haingii tena kwenye kemia. Saa ya chakula cha kontena hali. Anangoja kengele ya wote, anachukua sahani yake, anakwenda kukaa katikati ya ukumbi mkubwa. Siku ya kwanza peke yake. Ya pili na Armelle. Ya tatu Sandeep. Wiki iliyopita walikuwa sita. Msimamizi akawaambia, "Ninyi mna wakati wenu." Armelle akamjibu, "Wakati wetu ulipofika njaa ilikuwa haijafika."

Kuna kijana mmoja, mzaliwa wa hapahapa, akawauliza mbele ya watu, "Nyinyi wa kontena, mmeshushwa bandari gani?" Jedidah akamwambia, "Ileile aliyoshukia bibi yako. Tofauti ni kwamba sisi hatujasahau." Meza nzima ikacheka, na kijana mwenyewe akacheka, sasa anawashikia nafasi.

Mimi sicheki. Viza yangu imefungwa kwenye kazi yangu. Nikiona bahasha ya shule mlangoni naiweka juu ya kabati mpaka usiku. Si mtu wa kusimama mbele za watu mimi, unajua. Mama alipoanguka ule mtihani ambao wewe ulifaulu, alituambia upande wake haukupewa kichwa cha shule, na nilipoacha nikiwa darasa la sita hakuna aliyenirudisha. Hata wewe, mwalimu, hukunirudisha. Silalamiki, nasema tu lilivyokuwa. Kwa hiyo nifundishe sasa. Siku ya kwanza kati ya wale Wazungu ulifanya nini?

Mkamburi


Mgange
11 Januari 2025

Mkamburi,

Heri ya mwaka. Krismasi tulikuwa wachache. Viazi tumeuza, mahindi yameingia fukusi.

Tangu sikukuu nimekuandikia mara tatu, na mara tatu nimewashia karatasi hiyo moto wa chai. Hii itafika kwa sababu ni fupi.

Tafuta majina yote tisa, yaandike. Kila wanalokwambia kwa mdomo, waombe wakuandikie. Usitie sahihi karatasi yoyote ambayo Jedidah hajakusomea neno kwa neno.

Uliuliza kuhusu siku ya kwanza. Nilikula peke yangu. Basi.

Mghoi


Barking
19 Januari 2025

Mama mkubwa mpendwa,

Kama umeniandikia mwezi huu bado haijafika, lakini siwezi kungoja. Natumaini mnaendelea vizuri, na baridi ya asubuhi huko Mgange haichezei goti. Jedidah alipata homa akapona. Mstaafu wangu ametimiza miaka tisini na mbili, akaniambia nisiimbe.

Mungu amejibu! Mwalimu mkuu ameniita. Jedidah amepimwa upya, ameongea dakika arobaini bila kupumua, mpimaji ndiye aliyechoka. Wanamchukua jengo kubwa. Kemia, baiolojia, fizikia, kila kitu, na mtihani atafanya na wenzake. Nilitaka kupiga magoti pale ofisini.

Lakini nafasi ni ya mmoja. Mwalimu mkuu ameeleza, madarasa yamejaa, mwaka huu wanaweza kumwingiza mtoto mmoja tu wa kontena, na yeye ndiye aliyeng'ara. Wengine wataangaliwa baadaye. Na kule kukaa kwenye ukumbi na sahani kuishe, wale wengine warudie saa yao. Nimepewa karatasi, nitie sahihi, mwisho tarehe 28 Februari. Ikipita, nafasi anapewa mtoto mwingine aliye kwenye foleni.

Nilifika nyumbani naimba. Jedidah akasoma karatasi yote, akaikunja, akaniwekea mbele.

"Na Armelle?"

"Ataangaliwa baadaye."

"Ameangaliwa baadaye miaka miwili, Mama."

"Armelle ana mama yake. Mimi nina wewe."

"Ukitia sahihi nitaenda kukaa kontena."

"Utakaa utakapoambiwa!"

Hajanisemesha tangu Alhamisi. Ananipikia, ananisogezea sahani. Na leo kanisani nilichelewa, na Anne-Marie akanisogezea kiti. Hakuuliza kitu. Kama angeninunia ningeweza kukasirika.

Mama mkubwa, mtoto wangu kwanza. Mama gani hatasema hivyo? Nimeogesha watu wa watu miaka miwili kabla sijamleta huyu, nimlete aje akatae mlango ukiwa wazi? Mwandikie wewe. Mwambie wewe uliingia peke yako, na baada yako wakaingia wengine. Aingie, wenzake watafuata. Mwandiko wako atauheshimu.

Tarehe ishirini na nane nitatia sahihi.

Mkamburi


Mgange
9 Februari 2025

Mkamburi mwanangu,

Yako ya tarehe kumi na tisa imefika jana, ya kwangu naona imepishana nayo njiani. Posta haitawahi tarehe yako. Hii nampa Bridget, yule nesi wa huko London, binti wa kutoka Werugha. Likizo yake inaisha na anasafiri Jumamosi, ameniahidi kuileta mlangoni kwako. Tu wazima wote.

Mama yako hakuanguka mtihani.

Nimeshaandika, sasa naweza kuendelea.

Mimi na Wakesho tulikuwa darasa moja ingawa nilimzidi mwaka na nusu, kwa sababu Baba alituanzisha pamoja ili tusindikizane njiani. Mwaka wa sitini na moja mmisionari alileta mtihani wa ile shule ya Nairobi. Tulifanya watoto kumi na mmoja. Tulifaulu wawili. Wawili, Mkamburi. Mimi na mama yako.

Baada ya mwezi akaja na karatasi. Wazungu wamekubali kufungua shule yao, akasema, lakini mwaka huu nafasi ni ya mmoja. Wakiona mmoja ameweza, wataongeza. Baba alikuwa hajui kusoma. Akauliza jina langu liko wapi, akaonyeshwa, akaweka dole gumba. Watu walipomuuliza habari za Wakesho akasema ameanguka. Angesema nini? Kwamba alikuwa na watoto wawili wenye akili na amempeleka mmoja? Uongo huo ulimpa usingizi. Na mimi ulinipa jina.

Wakesho alisimama mlangoni na ndoo ya maji na akasikia kila neno. Hakulia. Wiki ileile alinishonea vifungo vya sare, kwa sababu sindano nilikuwa siiwezi.

Unataka nilivyovumilia. Hawakunipiga, usifikiri hivyo. Walinipa meza. Meza nzima ya watu wanane, na mimi. Ukumbi umejaa, wasichana wamebanana viwiko, na mimi nina viti saba vitupu. Miaka miwili. Vile sita sikuvijali. Kile kilichokuwa mkono wangu wa kulia nilijua ni cha nani.

Halafu wakaingia wengine wawili na watu wakasema Mghoi amefungua mlango. Sikufungua. Nilipitishwa, ukafungwa nyuma yangu, wakaufungua tena siku waliyotaka wao. Lakini uongo wa sifa ni mtamu kuukalia, na nimeukalia miaka sitini na tatu.

Umesema sikukurudisha shule. Nilikuja. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ulikuwa umetumwa kuni. Mama yako alinipokea uani akaniambia, "Dada, huyu ni wangu. Wewe ulishapewa fungu lako." Nikageuka. Mwalimu mzima, nikageuka nikarudi nyumbani, kwa sababu kama ningebishana naye ingebidi yasemwe. Kwa hiyo deni la mama yako ni la Baba na langu. La kwako ni langu peke yangu.

Sitamwandikia Jedidah unayoyataka. Wala sikuamuru wewe. Umemzaa, umemlea, kidole ni chako. Nakwambia tu kwamba karatasi hiyo ninaijua. Niliwahi kuwa jina lililoandikwa juu yake.

Mama yako mkubwa,
Mghoi


Barking
16 Machi 2025

Mama mkubwa,

Nakuamkia. Natumaini mvua za masika zimewakuta tayari. Sisi hatujambo.

Bridget alinipa barua yako mkononi, Jumapili, mlangoni, hata koti hakuvua. Niliisoma nimesimama. Kisha nikampa Jedidah aisome kwa sauti, isije ikawa mimi ndiye nisiyejua kusoma. Alipofika kwenye vifungo akasimama. Nikamwambia endelea.

Umeona sikukuandikia mwezi mzima. Nilikuwa na hasira. Kuna siku nilianza kukutukana ndani ya basi, midomo inacheza, mpaka mtu akahama kiti. Nitarudi hapo. Kwanza nikwambie ya shule.

Sikutia sahihi. Usidhani nilikuwa jasiri. Karatasi nililala nayo chini ya mto siku tatu. Mama gani anamzuia mtoto wake mlangoni? Nilimuuliza Jedidah, "Ukikosa kemia kabisa, utanilaumu?" Akafikiri. Akasema, "Labda. Lakini nitakulaumu nikiwa na Armelle." Basi nikavaa viatu nikaenda kwa Anne-Marie, nikamwekea karatasi mezani. Nikamwambia, dada, nilitaka kuiwekea sahihi hii na nisikuambie. Akaisoma. Akasema, "Nilijua. Miye pia ningeweka." Akanipa ndizi, tukaanza kuandika majina.

Tisa, ninayo yote sasa. Baba yake Sandeep anaitwa Chaman, anafanya kazi ya mikate huko Kilburn, alikuja na unga kwenye nyusi. Siku ya tarehe 27 tulikuwa wazazi saba mbele ya mwalimu mkuu na wenzake watatu wa bodi. Wawili walinyimwa ruhusa kazini, wakatupa sahihi zao. Mimi nilibadilishana zamu na mwenzangu.

Mwalimu mkuu alikuwa mpole, ndio ugumu wake. Akasema, "Mama Jedidah, hii ni nafasi nzuri. Mzazi mwingine angeshukuru."

Nikamwambia, "Nashukuru. Nimeshukuru tangu Februari ya mwaka jana. Nimemaliza. Leo sikuja kushukuru."

Jedidah akaninong'oneza, Mama, nikutafsirie? Nikamwambia kaa. Nilisema Kiingereza changu hikihiki, kimevunjika lakini kilifika. Nilisema, nilipoulizwa kwenye fomu nilijibu ndiyo kwa sababu mlinipa chai. Kwetu anayekukaribisha humwambii huhitaji. Na mtoto alinyamaza kwa sababu nilimwambia anyamaze. Mmepima adabu mkaandika ujinga. Sasa wapimeni wote tisa wakiongea, wazazi wao wakiwa chumbani. Na lango liwe moja, na chakula kiwe saa moja, hayo hayahitaji nafasi darasani.

Mmoja wa bodi akasema huenda tungekubaliana kuanza na watatu. Anne-Marie akavuta kiti chake mbele. Akasema, kwa Kiswahili cha kwao, akiniangalia mimi: "Waambie sisi tuko hapa. Hatuendi fasi yoyote." Fasi kwao ni mahali, na hiyo ndiyo niliyotafsiri mimi.

Walitoka, wakakaa nje nusu saa, wakarudi. Tangu tarehe 10 wote wanapita lango kubwa na wanakula pamoja. Wote wamepimwa. Sita wanaingia masomo yote baada ya Pasaka, Armelle yumo, Sandeep yumo, wa kwetu yumo. Watatu bado Kiingereza hakijakaa, nao watafundishwa asubuhi katika chumba ndani ya jengo kubwa, kisha wajiunge na wenzao. Haya yote nimeandikiwa. Si bure. Jedidah amepoteza miezi miwili ambayo angekuwa darasani, na mwalimu wa kemia amesema wazi itakuwa kazi ngumu kuwafikia wenzao. Wanasoma mezani kwangu kila Jumamosi, yeye na Armelle, wananipikia chumvi kwenye sufuria yangu ya wali wakisema ni jaribio.

Sasa wewe.

Mama alikufa watu wakimwita mzito wa kichwa. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia, nikiwa msichana, nimebeba kichwa chako. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Kibebe vizuri." Nimelifikiria neno hilo mwezi mzima.

Msamaha sijui. Siku moja ninao, siku nyingine sina. Pole yako nimeiona kwenye barua, sihitaji nyingine. Nataka useme. Si kwangu mimi, kwa karatasi, mbali huku. Pasaka ukoo wote utakuwa hapo kwako. Sema mbele yao, kwa mdomo, mama yangu alifanya nini na mtihani ule.

Mkamburi


Mgange
21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Mkamburi mwanangu,

Masika ni mazuri, nyumba imejaa watoto, kuna mmoja amelala juu ya shali yangu na ninaandika kwa mkono mmoja. Barua ya tarehe kumi na sita ilifika wiki mbili zilizopita. Nimeshukuru kwa ajili ya wale tisa. Majina yote uniandikie.

Nimesema.

Ilikuwa jana baada ya chakula, watu thelathini na kitu. Niligonga kikombe. Walidhani naomba. Nikasema Wakesho alifaulu, nikasema karatasi, nikasema Baba, nikasema mimi. Mjomba wako Telesphor akasimama, akanikaribia sikioni ili nisikie vizuri: "Dada, mambo ya marehemu tuyaache."

Nikamwambia, "Nimeyaacha miaka sitini na tatu, Telesphor. Yamekua."

Wengine walilia. Shemeji mmoja aliondoka na sufuria yake. Wasichana wadogo wakataka kujua kama Wakesho ndiye yule wa picha ya harusi yenye mwavuli, nikawaambia ndiye.

Kisha Lawrence, unamjua, lazima aulize. Akaniandikia kwenye karatasi ya dukani, maana nilikuwa nimechoka kusikiliza: Kwa nini baba yako alikuchagua wewe? Kwa sababu ulipata alama nyingi zaidi?

Hilo sikukuandikia Februari. Nilidhani nimemaliza kusema, kumbe nilikuwa nimejibakizia kipande. Mmisionari alikuja na alama zetu. Aliweka kidole kwenye jina la Wakesho kwanza, akasema huyu. Baba akakataa. Akasema kwake mdogo hamtangulii mkubwa, si kuolewa, si kusoma. Mmisionari akajaribu mara mbili, kisha akasogeza kidole.

Nikamjibu Lawrence kwa mdomo, wote wasikie, na nawe umsomee Jedidah ilivyo. Usimwambie kwamba bibi yake alifaulu. Mwambie alinizidi.

Mghoi